Wekistesheni na kompyuta binafsi: ipi ilikuwa na kasi zaidi, na kwa kazi gani?

Katika maduka ya vifaa vya elektroniki ya Tororo na Busia, kama ilivyo kwingineko Afrika Mashariki, kompyuta iliyokwisha kutumika huuzwa kwa namba. Muuzaji hutaja gigahezi za kichakataji, mnunuzi huilinganisha namba hiyo na bei, na biashara hukamilika. Mazoea hayo si mapya. Yalishika mizizi katika miaka ya 1980, wakati aina mbili za kompyuta za mezani zilipokuwa zikigombea soko: wekistesheni, yaani kompyuta yenye nguvu iliyoundwa kwa ajili ya mhandisi au mwanasayansi mmoja, na kompyuta binafsi, iliyokusudiwa ofisi, shule na nyumba.

Swali la ipi kati ya hizo mbili ilikuwa na kasi zaidi lina jibu fupi na jibu refu. Jibu fupi ni kwamba wekistesheni iliongoza katika kazi nzito hadi katikati ya miaka ya 1990. Jibu refu ndilo lenye manufaa kwa mzazi, mwalimu au mkuu wa ofisi anayetaka kununua kompyuta leo: uongozi huo ulitegemea kazi iliyokuwa ikifanywa, haukuonekana vyema katika namba ya kichakataji peke yake, na kwa kazi nyingi za ofisi na shule za eneo letu haukuwa na uzito wowote.

Nasaba mbili

Hadi miaka ya 1970, kompyuta katika Afrika Mashariki ilikuwa mali ya serikali, shirika kubwa, benki au chuo kikuu. Ilikaa katika chumba chake maalumu, ikahudumiwa na wataalamu wachache, na kazi za watu wengine zilipelekwa kwake zikangoja zamu. Gharama na matatizo ya mashine hizo hayakuwa madogo. Nchini Tanzania, serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, baada ya mfumo wa hesabu wa Hazina kushindwa kufanya kazi ilivyotarajiwa.

Wazo la kumpa mtu mmoja kompyuta yake lilikuja kwa njia mbili. Njia ya kwanza ilitoka katika maabara za utafiti. Mwaka 1973, watafiti wa kampuni ya Xerox huko Palo Alto, California, waliunda mashine iliyoitwa Alto, yenye skrini ya michoro na kipanya, iliyounganishwa na wenzake kwa mtandao. Kutokana na wazo hilo zikazaliwa kampuni kama Apollo, iliyoanzishwa mwaka 1980, na Sun, iliyoanzishwa mwaka 1982. Shabaha ya wabunifu wa wekistesheni ilielezwa kwa mambo matatu: kumbukumbu ya megabaiti moja, skrini ya nukta milioni moja, na uwezo wa kutekeleza maagizo milioni moja kwa sekunde.

Njia ya pili ilianzia kwa wapenda vifaa waliojiundia kompyuta ndogo nyumbani, ikafika kilele chake tarehe 12 Agosti 1981, IBM ilipotangaza kompyuta binafsi yake ya kwanza. Bei ya kuanzia ilikuwa dola 1,565 za Marekani, bila skrini wala kiendeshi cha disketi. Mwaka huohuo Xerox iliuza mashine yake ya ofisi, Star, kwa dola 16,595. Tofauti hiyo ya zaidi ya mara kumi ni ya kukumbukwa katika kila ulinganisho unaofuata.

Kasi hupimwaje?

Kichakataji hufanya kazi kwa mapigo, na idadi ya mapigo kwa sekunde hutajwa kwa hezi. Megahezi moja ni mapigo milioni moja kwa sekunde, na gigahezi moja ni mapigo bilioni moja. Lakini pigo moja si kazi moja. Kichakataji kimoja huweza kuhitaji mapigo manne ili kuchukua herufi moja kutoka kwenye kumbukumbu, na kingine kikachukua herufi mbili kwa mapigo hayohayo manne. Kulinganisha vichakataji viwili vya familia tofauti kwa megahezi ni sawa na kulinganisha wapiga makasia wawili kwa kuhesabu makasia pekee, bila kuuliza kila pigo limesukuma maji kiasi gani.

Kipimo cha pili kilichotumika sana ni idadi ya maagizo kwa sekunde. Kompyuta ya VAX-11/780, iliyotolewa na kampuni ya Digital mwaka 1977, ilichukuliwa kuwa mfano wa maagizo milioni moja kwa sekunde, na nyingine zikapimwa dhidi yake. Kasoro ya kipimo hiki ni kwamba agizo la kompyuta moja huweza kufanya kazi ambayo kompyuta nyingine huifanya kwa maagizo matatu.

Kwa sababu hiyo wataalamu walitunga programu za majaribio. Whetstone, iliyotungwa Uingereza na kutolewa mwaka 1972, ilipima zaidi hesabu za desimali. Dhrystone, iliyotungwa na Reinhold Weicker mwaka 1984, ilipima kazi za namba nzima na maandishi, ambazo ndizo kazi za kawaida za ofisi. Linpack, inayohusishwa na jina la Jack Dongarra, ilipima utatuzi wa milinganyo mingi kwa pamoja. Programu hizi zilikuwa fupi, na watengenezaji wa kompyuta walijifunza kuzipendelea: mashine ilitayarishwa ifanye vizuri katika jaribio, hata kama mteja hangeona kasi hiyo katika kazi yake.

Mwaka 1988, Apollo, Hewlett-Packard, MIPS na Sun ziliungana kuanzisha SPEC, chombo cha kusimamia vipimo vya haki zaidi. Mkusanyiko wake wa kwanza, wa mwaka 1989, ulikuwa na programu kumi zilizotokana na kazi halisi za sayansi na uhandisi, na matokeo yalitolewa kwa kulinganishwa na VAX-11/780. Msingi wake ni rahisi: kipimo bora cha kompyuta ni muda inaochukua kumaliza kazi inayofanana na ya kwako.

Mashine mbili za mwaka 1982

Tuchukue mfano wa mashine mbili zilizokuwa sokoni mwaka 1982. IBM PC ilitumia kichakataji cha Intel 8088 chenye megahezi 4.77. Sun-1 ilitumia Motorola 68000 chenye megahezi 10. Kwa kuangalia mapigo pekee, Sun ilikuwa mbele kwa mara mbili na kidogo.

Sasa tuangalie njia ya kwenda kwenye kumbukumbu. Kichakataji cha 8088 kilichukua baiti moja, ambayo ni sawa na herufi moja, kwa kila mapigo manne. Hiyo ni takriban baiti milioni 1.2 kwa sekunde. Kichakataji cha 68000 kilichukua baiti mbili kwa mapigo manne, na kwa megahezi 10 hiyo ni baiti milioni 5 kwa sekunde. Tofauti iliyoonekana kuwa mara mbili inakuwa zaidi ya mara nne, na haikuandikwa popote katika namba ya megahezi.

Tofauti ya ukubwa wa kumbukumbu ilikuwa kubwa zaidi. Muundo wa IBM PC uliacha kilobaiti 640 kwa ajili ya programu na kazi ya mtumiaji, na mfumo endeshi wa MS-DOS uliheshimu mpaka huo kwa miaka mingi. Kichakataji cha 68000 kiliweza kufikia megabaiti 16. Zaidi ya hayo, wekistesheni nyingi zilizofuata zilitumia mfumo endeshi wa Unix, ulioweza kuendesha programu kadhaa kwa wakati mmoja na kuitumia diski kama nyongeza ya kumbukumbu pale kumbukumbu halisi ilipojaa.

Hata hivyo, kulikuwa na uwanja mmoja ambapo kompyuta ndogo ya IBM ingeweza kuizidi ndugu yake mkubwa. Tangu mwanzo, ubao wa IBM PC ulikuwa na nafasi tupu ya kuchomeka kichakataji msaidizi cha Intel 8087, kilichotengenezwa kwa ajili ya hesabu za desimali tu. Kwa takwimu za Intel yenyewe, kwa mapigo ya megahezi 5, kuzidisha namba mbili za desimali bila msaidizi huyo kulichukua sekunde 1,600 za milioni. Pamoja naye kulichukua sekunde 19 za milioni. Kutafuta kipeo cha pili kulishuka kutoka sekunde 19,600 za milioni hadi 36. Motorola 68000 haikuwa na msaidizi wa aina hiyo kwa wakati ule, na ililazimika kufanya desimali kwa programu. Mhasibu au mhandisi aliyenunua 8087 alipata, katika kazi hiyo moja, kasi ambayo wekistesheni isiyo na kifaa cha ziada haikuwa nayo. Motorola ilijibu kwa kichakataji msaidizi cha 68881, kilichotumika katika familia ya Sun-3 kuanzia mwaka 1985.

Picha ya setilaiti: kazi iliyohitaji wekistesheni

Mashariki mwa Afrika, kazi iliyoonyesha wazi mipaka ya kompyuta binafsi ilikuwa ya ramani na picha za setilaiti. Nairobi ilikuwa kitovu chake. Kituo cha kikanda cha upimaji na utambuzi wa mbali kilianzishwa huko mwaka 1975 chini ya mwavuli wa Tume ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Afrika, na mwaka 1985 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilianzisha GRID, hifadhi ya takwimu za mazingira yenye vituo Nairobi na Geneva. Uganda ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kufanyiwa kazi: atlasi ya mfano ya mazingira yake ilitolewa na GRID mwaka 1987.

Ukubwa wa kazi hiyo waweza kuhesabiwa. Setilaiti ya Landsat 5, iliyorushwa mwaka 1984, ilipiga picha ya eneo lenye upana wa takriban kilomita 185 na urefu wa takriban kilomita 170. Upana huo watosha kuanzia magharibi ya Nagongera, kupita mji wa Tororo, kuvuka mpaka na kuingia ndani kabisa ya Kenya magharibi. Kila nukta ya picha iliwakilisha ardhi ya mita 30 kwa 30. Picha moja, kwa rangi moja, ina nukta takriban milioni 35, na kila nukta huchukua baiti moja. Kifaa hicho kilirekodi rangi sita kwa kiwango hicho, kwa hiyo picha kamili ilikaribia baiti milioni 210.

Kompyuta ya IBM PC XT ya mwaka 1983 ilikuja na diski ya megabaiti 10. Haikuweza kuhifadhi hata theluthi moja ya rangi moja. Kama mtu angejaribu kuisafirisha rangi hiyo moja kwa disketi za kilobaiti 360, angehitaji disketi 95. Skrini ya rangi ya kompyuta hiyo ilionyesha nukta 320 kwa 200 katika rangi nne. Picha ya rangi moja ingegawanywa katika skrini zaidi ya 540. Skrini iliyozoeleka ya Sun, yenye nukta 1,152 kwa 900, ilipunguza idadi hiyo hadi skrini 34.

Kusoma tu baiti hizo milioni 35 kutoka kwenye kumbukumbu, bila kufanya hesabu yoyote, kungechukua nusu dakika kwa 8088 na sekunde saba kwa 68000. Na hakuna kati ya mashine hizo mbili za awali iliyoweza kuziweka zote kwenye kumbukumbu kwa wakati mmoja. Miaka saba baadaye hali ilikuwa nyingine: SPARCstation 1, iliyotolewa na Sun mwezi Aprili 1989 kwa bei ya kuanzia takriban dola 9,000, iliweza kupewa kumbukumbu ya hadi megabaiti 64. Mashine hiyo ya kukaa juu ya meza ya mtu mmoja iliweza kuishika rangi nzima ya picha hiyo na kuichakata bila kurudi diskini kila mara. Hapo ndipo pesa za wekistesheni zilipolipa.

Mbu mmoja, kazi mbili

Nagongera yenyewe inatupa mfano mwingine, wa miaka ya karibuni, unaoeleza kwa nini kazi ndiyo huamua mashine. Mji huo mdogo wa wilaya ya Tororo unajulikana kimataifa kwa utafiti wa malaria. Kuanzia mwaka 2011, watafiti walifuatilia nyumba 100 za Nagongera, pamoja na idadi kama hiyo Walukuba mjini Jinja na Kihihi wilayani Kanungu, na kuwanasa mbu kwa mitego ya taa kila mwezi. Katika mwaka wa kwanza walikadiria kuwa mtu mmoja wa Nagongera aliumwa na mbu wenye vimelea vya malaria takriban mara 310 kwa mwaka.

Tuseme mtego mmoja kwa kila nyumba kwa kila mwezi, na mstari wa herufi 100 kwa kila mtego: tarehe, nyumba, aina ya mbu na idadi yao. Mwaka mzima hutoa mistari 1,200, yaani herufi 120,000. Hizo zingeenea katika theluthi moja ya disketi ya mwaka 1983. Kompyuta ya IBM PC ingezipanga, kuzijumlisha na kuchapisha jedwali kwa muda ambao hakuna mtafiti angeulalamikia. Kumnunulia wekistesheni kwa kazi hiyo kungekuwa kukodi lori kubeba kikapu cha mihogo.

Lakini mbu walionaswa Nagongera mwaka 2012 waliingia pia katika mradi wa kimataifa wa kusoma jenomu za mbu aina ya Anopheles gambiae, ambao matokeo yake ya kwanza yalichapishwa mwaka 2017. Jenomu ya mbu huyo ina herufi za kijenetiki takriban milioni 270, na lengo lilikuwa kusoma kila sehemu yake mara 30 hivi ili kuepuka makosa. Hiyo ni zaidi ya herufi bilioni nane kwa mbu mmoja. Kazi hiyo ingeishinda wekistesheni yoyote ya miaka ya 1980. Mdudu ni yuleyule, kijiji ni kilekile, ila swali aliloulizwa mdudu ndilo lililobadilisha kompyuta inayohitajika.

Mahali ambapo kasi haikuwa hoja

Kama kompyuta binafsi ilizidiwa katika kazi nzito, kwa nini ndiyo iliyoenea katika ofisi, vyuo na hospitali za Afrika Mashariki? Bei ni sehemu ya jibu, lakini si yote.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Chuo Kikuu cha Makerere kilikuwa na mfumo wa barua pepe ulioitwa MUKLA. Ulitumia teknolojia ya FidoNet, iliyobuniwa mwaka 1984 na Tom Jennings kwa ajili ya kompyuta binafsi na simu za kawaida: barua zilikusanywa kwenye kompyuta, kisha simu ikapigwa, barua zikatumwa na kupokewa kwa mkupuo, na simu ikakatwa. Modemu ya wakati huo yenye kasi ya biti 2,400 kwa sekunde ilipitisha herufi 240 hivi kwa sekunde. Barua ya herufi 2,000 ilichukua sekunde nane na zaidi. Kichakataji chenye kasi mara kumi kisingepunguza hata sekunde moja ya muda huo, kwa kuwa kizuizi kilikuwa kwenye waya wa simu. Kwa kazi hiyo, kompyuta binafsi ya bei nafuu na wekistesheni ya bei mara kumi zilikuwa sawasawa.

Umeme nao ulikuwa na hukumu yake. Kila mkazi wa Tororo au Busia anajua kwamba umeme hukatika bila kubisha hodi. Mfumo wa Unix wa wakati ule, ili kuongeza kasi, uliweka maandishi mapya kwenye kumbukumbu na kuyaandika diskini kila baada ya nusu dakika hivi. Umeme ukikatika katikati, mpangilio wa faili ungeweza kuharibika, na mashine ikiwashwa tena ililazimika kukagua diski yote kabla ya kufanya kazi. Mtumiaji wa MS-DOS alipoteza barua aliyokuwa akiiandika, lakini alichomeka disketi yake na kuanza upya baada ya muda mfupi. Mbinu iliyoipa wekistesheni kasi ndiyo iliyoifanya iteseke zaidi pasipokuwa na betri ya akiba. Isitoshe, IBM PC ya kwanza ilitosheka na kifaa cha umeme cha wati 63.5, kiasi ambacho jenereta ndogo ingekimudu.

Matengenezo yalikuwa hoja ya tatu. IBM ilichapisha maelezo ya ndani ya kompyuta yake na ilitumia vipuri vya kampuni nyingine, hivyo kampuni nyingi ziliweza kuiga muundo wake. Fundi aliyeijua moja aliweza kutengeneza mamia, na kipuri cha moja kilifaa nyingine. Wekistesheni ya Apollo au Sun ilihitaji vipuri vya Apollo au Sun. Mashine iliyosimama kwa mwezi mzima ikingoja kipuri kutoka ng'ambo ina kasi ya sufuri, haidhuru tangazo lake linasema nini.

Jinsi pengo lilivyofungwa

Vifaa vilikaribiana kabla ya programu. Mwezi Septemba 1986 Compaq ilitoa Deskpro 386, yenye kichakataji cha Intel 80386 cha megahezi 16. Mwaka mmoja kabla, Sun-3 ilitoka na Motorola 68020 ya megahezi 16.67. Kwa uwezo wa kichakataji, mashine hizo zilikuwa za daraja moja. Lakini mmiliki wa Compaq bado alitumia MS-DOS, na programu zake nyingi ziliendelea kujibana ndani ya kilobaiti 640. Alikuwa na shamba kubwa, akalima bustani.

Kampuni za wekistesheni zilikimbilia vichakataji vya aina mpya, vyenye maagizo machache na mepesi yanayotekelezwa kwa haraka. Sun ilileta SPARC mwaka 1987, IBM ikaleta RS/6000 mwaka 1990, na Digital ikaleta Alpha mwaka 1992. Kwa miaka kadhaa pengo lilitanuka tena, hasa katika hesabu za desimali.

Intel, kwa upande wake, iliuza vichakataji kwa mamilioni, na mapato hayo yaligharimia utafiti ambao kampuni ndogo hazikuumudu. Kichakataji cha 486 cha mwaka 1989 kilikuwa na transista milioni 1.2 na kilijumuisha kifaa cha desimali ndani yake, kwa hiyo mnunuzi hakuhitaji tena kununua msaidizi. Pentium ilifuata mwaka 1993. Mwezi Novemba 1995, Pentium Pro ya megahezi 200 ilifikia, na kwa muda mfupi kuzidi, wekistesheni bora katika kipimo cha SPEC cha namba nzima, ingawa katika desimali bado Alpha iliongoza.

Kisa cha Pentium kinatukumbusha pia kwamba haraka si sawa na usahihi. Mwaka 1994 iligunduliwa kuwa baadhi ya Pentium zilikosea kugawanya. Kugawanya 4,195,835 kwa 3,145,727 kulipaswa kutoa 1.33382, kichakataji kilitoa 1.33374. Intel ililazimika kukubali kuvibadilisha vichakataji hivyo.

Kizuizi cha programu kiliondolewa kwa njia ambayo wengi hawakuitarajia. Mwaka 1991, Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, alitangaza mfumo endeshi alioutengeneza kwa kompyuta binafsi yenye kichakataji cha 386, ulioiga Unix. Linux iliifanya kompyuta ya kawaida iweze kuendesha programu nyingi kwa pamoja na kuitumia kumbukumbu yake yote, bila malipo ya leseni. Tangu hapo, tofauti kati ya nasaba hizo mbili ilibaki katika bei zaidi kuliko katika uwezo. Mwaka 1998 Compaq, kampuni iliyokua kwa kuuza kompyuta binafsi, iliinunua Digital. Mwaka 2010 Oracle iliimeza Sun.

Maana yake kwa mnunuzi wa leo

Chuo Kikuu cha Busitema, kilichoanzishwa mwaka 2007, kina kampasi Nagongera ambako walimu wa sayansi huandaliwa. Walimu hao watakwenda katika shule ambazo, mara nyingi, zitanunua kompyuta zilizotumika kwa fedha chache. Historia ya wekistesheni na kompyuta binafsi inawapa maswali matatu ya kumuuliza muuzaji kabla ya kutazama gigahezi.

La kwanza: kompyuta hii ni ya kizazi gani? Pentium 4 ya gigahezi 3 ilizidiwa katika kazi nyingi na Core 2 Duo ya mwaka 2006 iliyokuwa chini ya gigahezi 2. Mwaka wa kutengenezwa husema mengi kuliko mapigo.

La pili: kumbukumbu ni kiasi gani, na diski ni ya aina gani? Diski ya kuzunguka huweza kufikia sehemu tofauti za data takriban mara mia moja kwa sekunde. Diski isiyo na sehemu inayozunguka hufanya hivyo maelfu ya mara. Kompyuta ya zamani iliyoongezewa kumbukumbu na kubadilishiwa diski mara nyingi humridhisha mwanafunzi kuliko yenye kichakataji kipya lakini diski nzito.

La tatu: kazi ni ipi, na kizuizi kiko wapi? Shule ikihitaji kuandika barua, kujaza majedwali ya alama na kusoma kurasa za mtandao, fedha zilizobaki zitafaa zaidi zikitumika kwa betri ya akiba, kompyuta moja ya ziada au huduma bora ya intaneti. Chuo kikihitaji kuchakata picha za setilaiti au data za jenomu, hapo mashine yenye nguvu na kumbukumbu kubwa ni lazima, na kubana matumizi kutakuwa hasara.

Orodha hiyo ya kazi iandikwe kabla ya kwenda dukani. Muuzaji akitaja gigahezi, mnunuzi ataje kazi, kisha aombe mashine iwashwe na kazi hiyo ifanywe mbele yake, akitazama saa. Jaribio hilo halina gharama, na ndilo SPEC walilolitafuta mwaka 1988.